Arifa Iliyopata Mwenyewe

Naandika haya kwa ajili ya vijana wanaolinda seva za hospitali, vyama vya akiba na mikopo, shule na viwanda vya maziwa huku Bonde la Ufa, wale ambao simu zao hulia usiku kucha na kukicha wanaulizwa kwa nini mitambo ililala. Nimeipita njia hiyo. Kilichonivusha hakikuwa dawa wala likizo, ingawa vyote viwili nilivijaribu. Ilikuwa kazi ndefu isiyo na sifa: kukaa na wenye idara mmoja mmoja na kuamua, kwa kila arifa ambayo kompyuta inaweza kutuma, ni nani aamshwe na ni nani aachwe alale.

Hospitali yenyewe sitaitaja. Ni ya wastani, iko hapa Eldoret, ina wodi, maabara, famasia na chumba cha upasuaji, pamoja na zahanati ndogo nje ya mji zinazotegemea seva zetu. Nilipoajiriwa mwaka 2021 kama fundi wa mitandao, kila kitu kilikuwa kimeshahamia kwenye kompyuta: faili la mgonjwa, majibu ya maabara, picha za eksirei, bili, stoo ya dawa.

Mji huu ulilianza jambo hilo mapema. Mwaka 2001 kituo cha afya cha Mosoriot, kule Nandi, kilianza kuweka kumbukumbu za wagonjwa wake kwenye kompyuta. Mwaka huo huo ikazaliwa AMPATH, ushirikiano wa Chuo Kikuu cha Moi, Hospitali ya Mafunzo na Rufaa ya Moi na vyuo vikuu vya Marekani vikiongozwa na Indiana, ili kupambana na Ukimwi. Wagonjwa wakawa wengi, programu ya kwanza ikaelemewa, na mwaka 2004 madaktari Burke Mamlin na Paul Biondich wakaanza kubuni programu mpya, OpenMRS. Februari 2006 ikaanza kutumika hapa Eldoret. Leo imeenea nchi nyingi, na KenyaEMR, inayotumika katika kliniki za Ukimwi humu nchini, imejengwa juu yake. Kwa hiyo kwetu wapo wauguzi vijana ambao hawajawahi kufanya kazi na faili la karatasi. Seva ikizimika saa nane usiku, sista anabaki na mgonjwa kitandani asijue alipewa dawa gani saa mbili. Sidharau arifa hata kidogo. Kuna watu wanaoishi kwa sababu arifa ilifika.

Tatizo letu lilikuwa zinafika kwa nani. Nilikuta Nagios imewekwa kwenye kompyuta kuukuu pembeni mwa chumba cha seva. Kila baada ya dakika chache iliuliza kila kifaa kama kizima: rauta, swichi, seva, diski, betri za akiba, printa, kamera za langoni, vipimajoto vya friji. Ni programu nzuri, na haina ada. Lakini aliyeiweka alikuwa ameipa amri moja tu: lolote likitokea, waambie wote. Wote walikuwa sisi wa kompyuta, mkurugenzi, mhasibu, metroni, fundi wa stima, na hata kijana mmoja aliyekwisha kuacha kazi na kwenda Qatar, ambaye bado alipelekewa habari za printa ya wodi ya watoto.

Ninaelewa kwa nini mtu anaweka mitambo hivyo. Anaogopa siku litakapotokea jambo kubwa na mtu akasema hakuambiwa. Ukiwaambia wote, hakuna wa kukunyooshea kidole. Lakini arifa ya namna hiyo inamlinda aliyeituma, haimlindi mgonjwa. Watu tisa wanapoipokea saa tisa usiku, kila mmoja anajua kuna wengine wanane, na kila mmoja anageuka upande wa pili wa kitanda akiamini mwenzake ameshaamka. Manahodha wengi, chombo huenda mrama.

Anayeishi Uasin Gishu anajua mvua zetu. Kuanzia Machi, jioni, mawingu yanajikusanya, radi inapiga, stima inakatika, inarudi, inakatika tena. Rauta ya zahanati moja ikizimika, kila kilicho nyuma yake kilipiga kelele peke yake: kompyuta ya mapokezi, ya daktari, printa, kamera, simu ya mezani. Kisha stima ilirudi na kila kimoja kikatuma ujumbe mwingine wa kusema sasa kiko sawa. Niliwahi kukesha nikisoma kwamba printa haipatikani, printa imerudi, printa haipatikani, diski imefika asilimia 81, printa imerudi. Diski kufika asilimia 81 si jambo la kumwamsha mtu. Ni jambo la Jumatatu saa nne asubuhi, baada ya chai.

Mwili ulianza kunidai. Moyo ulinienda mbio simu ya mtu mwingine ilipotetema ndani ya matatu. Nilipata vidonda vya tumbo, nikakonda, nikawa mkali kwa watoto bila sababu. Mama watoto alivumilia mpaka akachoka. Usiku mmoja aliichukua simu kutoka kando ya mto, akaipeleka jikoni, akaitia ndani ya sufuria ya ugali na kuifunika kwa mfuniko. Nililala macho wazi nikiisikia ikitetema ndani ya chuma. Akaniambia, kwa upole ulioniuma kuliko hasira, "Baba watoto, kama kila kitu ni cha dharura, wewe utabaki lini wa kwetu?" Mama yangu alipokuja kutoka Moiben kunitazama, alidhani nina ugonjwa ninaomficha.

Mwenzangu mmoja, fundi hodari kuliko mimi, aliacha kazi wakati huo. Hakuaga sana. Aliniambia tu kwamba ameanza kutosikia simu yake hata ikiwa sikioni, na hilo limemtisha kuliko kukosa usingizi.

Kisha ikaja Ijumaa ya Agosti 25, 2023. Wakenya wengi wanaikumbuka: stima ilipotea karibu nchi nzima, kama saa nne kasorobo usiku, na sehemu nyingi zikakaa gizani mpaka siku iliyofuata. Kwetu jenereta ilishika, lakini si kila soketi ilikuwa kwenye laini ya jenereta, na hilo halikuwa limewahi kuonekana kwa sababu kukatika kwa kawaida kulikuwa kwa muda mfupi. Zahanati zote zilizima. Arifa zilimiminika kwa mamia, zikifuatana kwa kasi kuliko mtu anavyoweza kuzisoma. Tulikuwa wawili, mimi nikiwa chumba cha seva, mwenzangu akiwa njiani na pikipiki kutoka Langas. Tulishughulikia seva, tukazima zisizo za lazima ili kuokoa betri, tukahakikisha wodi zinaona mafaili ya wagonjwa. Tulidhani tumeshinda usiku huo.

Katikati ya mamia yale kulikuwa na ujumbe mmoja wa friji ya damu. Damu nzima na chembe nyekundu huhifadhiwa kati ya nyuzi 2 na 6 za Selsiasi. Soketi ya friji ile haikuwa kwenye jenereta. Ujumbe wake ulikuwa umeandikwa kwa herufi za msimbo ambazo mtu wa maabara asingezielewa hata angeupata, naye hakuwamo kwenye orodha. Waliokuwamo hawakuwa na ufunguo wa maabara. Asubuhi mhudumu alipofungua mlango, kipimajoto kilikuwa kimeshapita mpaka kwa saa nyingi.

Hakuna mgonjwa aliyeumia. Nalisema hilo kwanza, na kila nikilikumbuka namshukuru Mungu. Hakukuwa na mama aliyetokwa na damu baada ya kujifungua usiku ule, na Eldoret ina bahati ya kuwa na kituo cha kanda cha damu, hivyo tulipata mifuko mingine. Lakini niliiona ile iliyokuwa inatolewa kwenda kuteketezwa. Kila mfuko ulikuwa na lebo ya kundi na tarehe. Kila mfuko ni mtu aliyekaa kwenye kiti, akakunja shati, akatoa bure. Miwili ilikuwa ya kundi O hasi, ile ambayo tunaitafuta kwa shida kila mara.

Inchaji wa maabara ni mama wa makamo, mtulivu, ambaye sisi vijana wote tunamwita Mama. Nilimwendea nikitarajia lawama. Alinivutia kiti.

"Mwanangu, wewe una ufunguo wa maabara yangu?"

"Sina, Mama."

"Unajua damu ikipata joto inafaa kwa muda gani, na ihamishiwe wapi?"

"Sijui, Mama."

"Mimi nakaa Kapsoya, na kuna kijana wangu hapa kila usiku, mlango wa tatu kutoka kwa friji. Sasa friji ikiugua, kwa nini inakuita wewe?"

Sikuwa na jibu, na hospitali nzima haikuwa nalo. Nilikuwa nimesoma mitandao chuoni na hakuna mhadhiri aliyewahi kuniuliza swali hilo. Kuanzia siku hiyo nilijua nini cha kufanya, na nikaona kwa mara ya kwanza kwamba ugonjwa wangu na ule wa friji ulikuwa mmoja.

Baadaye, katika kusoma, nilikuta kwamba wenye viwanda walifika hapo kabla yetu, na kwa gharama kubwa. Julai 24, 1994, kiwanda cha kusafisha mafuta cha Milford Haven, Wales, kililipuka. Uchunguzi wa serikali ya Uingereza ulionyesha kwamba katika dakika 11 za mwisho waendeshaji wawili walipigiwa ving'ora 275. Kosa halikuwa macho yao. Hakuna binadamu anayeweza kuchambua ving'ora 275 kwa dakika 11 na kuona kimoja kinachosema kweli. Mwaka 1999 ukatolewa huko mwongozo unaoitwa EEMUA 191, unaosema kwamba mwendeshaji mmoja anaweza kuhimili vyema wastani wa king'ora kimoja kila dakika 10. Niliuchapa ukurasa huo na kumpelekea mkurugenzi. Mtu akionyeshwa kwamba uchovu wa wafanyakazi wake una kipimo kinachojulikana kwa wahandisi, haoni tena kama analalamikiwa.

Nilizunguka idara zote. Kwa kila kifaa niliuliza nani anakijua, nani yuko karibu nacho usiku, nani ana ufunguo, na kikinyamaza mpaka asubuhi nani ataumia. Pale ambapo hakuna wa kuumia, arifa ilipelekwa kwenye ripoti ya asubuhi, isilize simu ya mtu. Printa zote zilikwenda huko. Kamera mbili za langoni zilikwenda kwa mkuu wa walinzi, ambaye alishangaa kwamba kwa miaka yote hiyo habari za kamera zake zilikuwa zinaletwa kwangu. Betri za akiba na jenereta zilikwenda kwa fundi wa stima wa zamu. Hifadhidata na seva zilibaki zetu, lakini kwa zamu: wiki hii mmoja, wiki ijayo mwingine, na asiye zamuni simu yake hainong'oni.

Nagios inakubali kuambiwa kwamba kifaa fulani kiko nyuma ya kingine. Ukiiambia kwamba kompyuta zote za zahanati ziko nyuma ya rauta moja, basi rauta ikizimika inatuma habari ya rauta peke yake na kuzinyamazisha zilizobaki. Uwezo huo ulikuwamo siku zote. Kuupanga kulichukua majioni mengi ya kufuata nyaya kwa mkono, maana michoro iliyokuwapo haikufanana na ukuta.

Friji ya damu tuliifanyia kazi zaidi ya vyote, mimi na Mama tukiwa pamoja mbele ya skrini. Mlango ukifunguliwa kutoa mfuko, joto hupanda kidogo kisha hushuka, na hilo si la kumsumbua mtu. Kwa hiyo kipimajoto kinasubiri dakika kumi juu ya mpaka kabla ya kusema. Ujumbe tuliuandika upya kwa Kiswahili cha wodini: "Friji ya damu, maabara: nyuzi 7 kwa dakika 10. Angalia mlango, kisha soketi. Jibu 1 kama unashughulikia." Unakwenda kwa mtu wa maabara wa zamu peke yake. Asipojibu kwa dakika tano, unakwenda kwa Mama, Kapsoya, na unapiga simu badala ya kuandika. Naye asipojibu, unakwenda kwa daktari wa zamu. Mimi simo kwenye mlolongo huo isipokuwa kipimajoto chenyewe kikifa. Soketi nayo ilihamishiwa kwenye laini ya jenereta wiki hiyo hiyo.

Kuna jambo lililonisumbua ambalo naomba kila anayesoma haya alikague kwake. Arifa zetu zote zilikuwa zinatoka kwa intaneti. Maana yake ni kwamba intaneti ikikatika, habari ya kukatika kwake haikuwa na njia ya kupita. Tulinunua modemu ndogo ya laini ya simu, tukaichomeka moja kwa moja kwenye kompyuta ya Nagios, ikawa inatuma ujumbe mfupi hata nyaya zote zikiwa zimekufa. Kisha tukakumbuka kwamba laini inaweza kuishiwa kredo, na modemu haina mdomo wa kusema hivyo. Sasa kila siku saa mbili asubuhi inamtumia mwenye zamu ujumbe mmoja wa kusema iko hai. Usipofika, anainuka na kwenda kuangalia. Na kompyuta nyingine, iliyoko zahanati, inaitazama hiyo ya kwanza.

Nyaya hazikuwa ngumu kama watu. Metroni alikataa kutolewa kwenye orodha. Aliona anafichwa mambo. Tulikaa naye, tukakubaliana apate habari za mfumo wa wodi ukikaa zaidi ya robo saa bila kurudi, kwa sababu hapo ndipo yeye anatakiwa kutoa fomu za karatasi. Mkurugenzi naye hupata muhtasari wa wiki kila Jumatatu. Kubwa zaidi lilikuwa malipo. Watu wa maabara na wa stima waliuliza, kwa haki kabisa, kwa nini waamshwe bure. Nilisimama nao. Mtu anayepewa wajibu wa usiku apewe na haki yake, la sivyo tumehamisha mzigo kutoka bega langu kwenda bega lake. Ilichukua miezi, barua na vikao vya kuchosha, mpaka ikakubaliwa kuwe na posho ndogo ya zamu, na aliyeamshwa baada ya saa sita usiku aingie kazini adhuhuri.

Disemba 10, 2023, Jumapili usiku, giza lilirudi nchi nzima. Nilikuwa mezani na familia, sikuwa zamuni. Taa zilizima, watoto wakapiga kelele, mama watoto akawasha mshumaa na kuitazama simu yangu kabla ya kunitazama mimi. Ilikaa kimya. Nilimaliza ugali wangu na sukuma, mikono ikitetemeka kidogo kwa mazoea. Kesho yake nilisoma kumbukumbu: fundi wa stima alijibu kuhusu jenereta mara moja, fyuzi ya soketi ya friji ilikuwa imekatika jenereta iliposhika, na kijana wa maabara alijibu 1, akahamishia plagi soketi ya jirani, joto halikufika nyuzi 8. Hakuna mfuko uliotupwa. Nilikwenda choo cha wafanyakazi, nikafunga mlango, nikalia.

Mei 12, 2024, nyaya za baharini za EASSy na Seacom zilipokatika karibu na Afrika Kusini na intaneti ikadorora Afrika Mashariki nzima, mwenye zamu alipata ujumbe mmoja. Mmoja. Aliwapigia wanaotuuzia intaneti, akawaarifu wahasibu kwamba malipo ya bima yatachelewa, na wodi ziliendelea kwa sababu seva zetu ziko humu humu ndani.

Siku hizi nalala. Vidonda vya tumbo vimetulia, na simu yangu iko kando ya mto bila kunitisha. Yule mwenzangu aliyeacha kazi nilimwita aje aone mpango huu. Sasa anaujenga kwa chama kimoja cha akiba na mikopo hapa mjini, akianza, kama nilivyomwomba, na kuuliza nani ana ufunguo.

Kwetu iliyobaki ni mitambo ya oksijeni. Presha ikishuka, arifa bado inakuja kwetu sisi wa kompyuta, na hiyo haifai. Fundi wake ni mzee mpole anayekaa upande wa Turbo na hurudi nyumbani kwa bodaboda usiku. Ameniambia ujumbe mfupi hatausikia kwenye upepo, apigiwe simu, na ipigwe mara mbili. Metroni anataka wodi ya watoto wachanga ipate habari wakati huo huo, ili sista awe na mitungi ya akiba karibu kabla fundi hajafika. Tumepanga kukaa wote watatu Alhamisi, tuandike maneno ya ujumbe huo.